Gemu Inadai Apdeti? Tulia Kwanza, Usipige Window

Oya wanangu wa milimani, kuna kitu kinakula hela zetu kimya kimya kuanzia Soni mpaka Mlalo, na leo lazima tukiongee. Umejichanga miezi na miezi, umechukua laptopu ya mtumba Kariakoo. Imepanda basi, imefika Mombo, ikakata kona zote zile za kilomita 33 mpaka Lushoto mjini. Jioni baridi la Juni limekaza, masela wamejaa geto, mtu kaleta chai ya tangawizi. Unabonyeza gemu. Badala ya uwanja kufunguka, kinatokea kiboksi cheupe: mfumo wako umepitwa na wakati, fanya apdeti kwanza.

Hapo sasa kila mtu anakuwa fundi. Huyu anasema piga window mpya, yule anasema umeuziwa kanyaboya, mwingine anataka ashushe faili kwenye saiti anayoijua yeye. Kesho yake hela imetoka, picha na notsi za shule zimefutika, na gemu bado inagoma.

Mimi nasema hivi: kile kiboksi kisome mpaka neno la mwisho. Mara nyingi ugonjwa kimeshautaja chenyewe, na dawa yake haina uhusiano wowote na kupiga window. Huku kwetu kukosea ni ghali. Mafundi wakali wapo, ila kipuri kinaweza kukulazimisha kusubiri basi la Tanga au Dar, na apdeti moja kubwa inaweza kumaliza bando la mwezi. Kwa hiyo twende taratibu, tuanze na vya bure.

Kabla hujatoa hata jero

Cheki saa na tarehe kwenye kona ya chini kulia. Usicheke, hii inawazingua wengi. Mashine za mtumba zinakaa stoo muda mrefu, na kile kibetri kidogo cha kwenye ubao kinakufa. Betri kubwa ikiisha kabisa, mashine inaamka ikiamini tuko 2012. Sasa seva za intaneti zinajitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Saa yako ikiwa ya uongo, vyeti vinakataliwa, apdeti zinafeli, Steam haifunguki, na wewe unalaumu window. Weka tarehe sahihi, ujaribu tena. Ikirudi nyuma kila ukizima, badilisha kibetri. Kwenye mashine nyingi ni CR2032, japo laptopu nyingine kinakuja na waya wake.

Cha pili, bonyeza kulia kwenye alama ya gemu, ingia Properties, halafu Compatibility. Kama pale pamewekwa tiki ya kuendesha gemu kwa mtindo wa Windows 7 au 8, itoe. Kuna watu wanaweka ile tiki ili gemu za zamani zikubali, halafu wanaisahau. Ni sawa na kwenda chuoni umevaa sare ya kidato cha kwanza: mlinzi anakuzuia getini hata kama umeshadahiliwa. Gemu inaambiwa iko kwenye Windows 7 wakati mashine ina Windows 10, inaamini, inagoma. Hata Steam yenyewe inadanganyika hivyo hivyo, kwa hiyo kagua alama yake pia.

Cha tatu, jua una window gani. Shika kitufe cha Windows na R kwa pamoja, andika winver, piga Enter. Kitatokea kiboksi chenye jina na toleo. Kipige picha kwa simu, uitunze. Ukienda kwa fundi na picha hiyo, pamoja na picha ya onyo la gemu, umeokoa nusu ya maongezi.

Kifaili kimekosekana, window haina tatizo

Soma kiboksi tena. Kama kimetaja jina linaloishia na .dll, shusha pumzi. Jina maarufu kuliko yote ni hili refu: api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll. Mengine ni VCRUNTIME140.dll na MSVCP140.dll. Hizi zote ni familia ya Visual C++, vifurushi vya Microsoft ambavyo gemu nyingi haziwezi kuwaka bila hivyo.

Hilo refu lina historia yake. Mwaka 2015 Microsoft iliamua kwamba sehemu ya msingi ya Visual C++ iwe kipande cha Windows yenyewe. Windows 10 ikazaliwa nacho. Windows 7 na 8.1 zikaletewa kwa apdeti namba KB2999226. Sasa mashine ambayo mwenyewe alizima apdeti toka siku ya kwanza haina kipande hicho, ndo maana unaambiwa ufanye apdeti. Unachokosa ni kifurushi kidogo tu.

Kabla hujagusa bando, fungua folda ya gemu yenyewe. Humo ndani tafuta folda ya _CommonRedist au Redist. Mara nyingi watengenezaji wanaviweka vifurushi hivyo palepale, na vinasubiri tu ubonyeze. Kama havipo, shusha Visual C++ Redistributable kwenye saiti ya Microsoft. Kwa mashine ya 64-bit chukua mbili, x86 na x64, maana gemu nyingine ni za 32-bit hata kama mashine ni ya 64. Zote mbili hazifiki MB 50. Kwa Windows 7 chukua toleo la 2015, maana matoleo mapya kabisa hayaitambui tena. Ukiona d3dx9_43.dll, hiyo ni DirectX ya zamani, na kifurushi chake ni kile cha Juni 2010.

Na hili nalisema kwa uchungu: usishushe .dll mojamoja kwenye saiti za ajabu ajabu. Hujui nani kaiweka pale wala kaichanganya na nini. Mashine hiyo hiyo ndiyo dada yako anaingilia kuomba mkopo wa chuo.

Window imezeeka kweli

Sasa kuna maonyo ambayo hayabishaniwi. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, na Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Steam ikaipiga chini pamoja na Windows 8 na 8.1 tarehe 1 Januari 2024, kwa sababu ndani ya Steam kuna kivinjari cha Chrome, na Chrome ilishaachana na window hizo. Ukiona onyo linasema "entry point not found" halafu linataja kernel32.dll, elewa kwamba gemu inaita kazi ambayo window yako haina. Mfano ni GetSystemTimePreciseAsFileTime, iliyoanza na Windows 8. Hapo hata ukeshe unashusha mafaili, hutoboi. Gemu hiyo inataka window mpya, basi.

Ila tuwe wakweli: kama raha yako ni PES 2017 au GTA San Andreas na wana geto, Windows 7 inazipiga freshi kabisa. Iachie burudani hiyo, bila intaneti. Mambo yanabadilika ukitaka eFootball, iliyochukua nafasi ya PES mwaka 2021, kwa sababu yenyewe inadai Windows 10 ya 64-bit.

Hiyo 64-bit nayo iangalie. Mafundi wengine wakiona RAM ndogo wanakupigia Windows ya 32-bit. Ingia Settings, System, About, usome mstari wa System type. Ukiona "32-bit operating system, x64-based processor", maana yake chuma chako kina uwezo wa 64 ila kimewekewa ya 32. Gemu za 64 hazitawaka humo, na Steam nayo ilipanga kuiacha Windows 10 ya 32-bit kuanzia Januari 2026. Hapa ndipo kupiga window kunakuwa na maana, kwa sababu huwezi kuhama toka 32 kwenda 64 kwa apdeti ya kawaida. Hamisha mafaili yako kwanza, mengine yote baadaye.

Kwa wa Windows 10, toleo la mwisho ni 22H2. Kama winver inakuonyesha 1809 au 1903, gemu mpya kadhaa za DirectX 12 zitakugomea, maana teknolojia zinayotumia inaanzia toleo la 1909. Huduma ya kawaida ya Windows 10 iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft ikaongeza mwaka mmoja wa apdeti za usalama kwa watu binafsi, mpaka Oktoba 2026: unalipa dola 30, au pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au unapata bure ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft. Lazima uwe na 22H2 kwanza. Kwa hiyo yule anayekwambia mashine yako sasa ni ya kutupa, mwambie atulie.

Chuma chenyewe hakina ubavu

Aina ya mwisho inauma, bora uijue mapema. HP EliteBook 8470p na Dell Latitude E6430 ni laptopu ngumu, zimesomesha watu wengi. Nyingi zina Intel ya kizazi cha tatu, yenye Intel HD Graphics 4000. Grafiki hiyo inaishia DirectX 11. Gemu ikidai DirectX 12, hata upige window mara ngapi haitawaka. Andika dxdiag palepale ulipoandika winver, fungua Display, usome jina la grafiki yako kabla hujanunua gemu yoyote.

Windows 11 nayo inataka TPM 2.0 (kichipu cha usalama), Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka), na kwa upande wa Intel kizazi cha nane kwenda mbele. Gemu kama Valorant ukiicheza kwenye Windows 11 inakagua hivyo viwili vya kwanza: VAN9001 ni kilio cha TPM, VAN9003 ni cha Secure Boot. Habari njema ni kwamba kuna mashine zinavyo, ila vimezimwa tu. Andika msinfo32, tafuta mstari wa BIOS Mode. Ukisoma UEFI, unaweza kuingia BIOS na kuiwasha Secure Boot. Ukisoma Legacy, usiguse mwenyewe, kwa sababu ukibadilisha kienyeji mashine haitawaka mpaka diski igeuzwe mfumo wake. Hiyo ni kazi ya fundi anayejua, na mafaili yako yawe yameshanakiliwa pembeni.

Bando la mlimani

Tuseme umejua unahitaji apdeti kweli. Sasa ifanye kwa akili. Ukitumia hotspoti ya simu, ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo, uwashe "metered connection", ili window isishushe mizigo mikubwa bila ruhusa yako. Ukiwa tayari, zima hiyo "metered connection" usiku wenye bando la bei nafuu, uiache window ishushe.

Wenye mashine mbili tatu, iwe geto au chumba cha gemu, mnayo silaha nyingine. Tafuteni Delivery Optimization kwenye mipangilio ya apdeti, mchague mashine za mtandao wa ndani tu. Mashine ya kwanza ikishashusha apdeti, nyingine zinaweza kuchota kwake badala ya kurudi intaneti. Na kama mtu wako yuko chuoni au Tanga mjini kwenye waifai nzuri, mtumie namba ya KB. Atashusha faili la .msu kwenye Microsoft Update Catalog, aliweke kwenye flashi, apande nalo.

Mambo mawili yanaua apdeti nyingi huku juu. La kwanza ni nafasi: kosa la 0x80070070 maana yake diski C imejaa, na apdeti kubwa inataka kama GB 20 zikiwa wazi. La pili ni umeme. Masika yakikaza na betri ya laptopu imekufa, usianze apdeti kubwa saa ambazo umeme unacheza. Mashine ikizimika katikati, hapo ndipo utalazimika kupiga window kweli.

Gemu za kukrak

Najua bei ya gemu mpya ni ngumu kwa mtoto wa mkulima wa karoti Lukozi. Simhukumu mtu. Ila gemu nyingi za kukrak zinakwambia uzime apdeti na uzime ulinzi wa mashine. Ukishazima, miezi sita baadaye ndiyo wewe unayekutana na kiboksi cheupe. Steam na Epic zinatoa gemu za bure kihalali, na zile za zamani zinashuka bei sana nyakati za ofa. Subira hiyo inalinda mashine ambayo familia nzima inaitegemea.

Wanangu, huku kwetu laptopu moja inatumiwa na kaka, dada na jirani, kwa hiyo anayejua kusoma onyo anawasaidia wote. Dogo wa kidato cha tatu anayeweza kutofautisha kifaili kilichokosekana na window iliyozeeka tayari ana ujuzi unaolipwa. Mfundishe aliye karibu nawe, muwe na flashi moja ya mtaa yenye Visual C++, DirectX ya 2010 na apdeti muhimu. Na kiboksi kikitokea tena, asiwepo mtu wa kubonyeza OK kabla hajakisoma chote.