«Mbinu bora»: muulize pia wenye walianguka

Mshauri wa mradi anafika kwenye koperativi na kusema: «Hii njo mbinu bora.» Inatokaga wapi?

Kampuni kubwa za washauri zinatafuta biashara zenye kufaulu, zinauliza viongozi wake maswali, kisha zinaandika yenye ziliona. Andiko linazipatia jina. Jina linaleta wateja.

Tom Peters na Robert Waterman, wakiwa washauri wa McKinsey kule Marekani, walichunguza kampuni zenye kusifiwa, wakabakiza 43. Kitabu chao, In Search of Excellence, kilitoka 1982 na kikauzwa sana. Mwaka 1984 jarida Business Week likaonyesha kwamba zisizopungua 14 kati yazo zilikuwa tayari na shida.

Kosa moja: waliangalia hasa wenye kufaulu. Ni kama kuuliza wenye mavuno mazuri peke yao. Wote watasema: «Tulipanda kwa mistari.» Na wenye walikosa mavuno? Kama nao walipanda kwa mistari, basi mistari peke yake haielezi mavuno.

Kwa hiyo, mbele ya kuweka michango yenu, muulize mshauri: nani alifuata mbinu hii na akaanguka?