Mtoto Mmoja, Sweta Mbili

Siku zote mtoto alivaa sweta ya kijani ya akademia, shule ya kibinafsi. Asubuhi ya kuandikisha watahiniwa wa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mamake alimvika sweta ya buluu ya shule ya umma iliyoazimwa kwa jirani, mikono ikiishia juu ya viwiko. Mwenye sweta akaenda shuleni na shati tu. Kufikia saa nne mtoto alikuwa mwanafunzi wa shule ya umma kwenye karatasi, na amesharudi akademia kumalizia hesabu.

Mchezo huo ulinoga Nairobi baada ya 2011. Elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka 2003, madarasa yalifurika, na mzazi aliyeweza kudunduliza karo akamkimbiza mwanawe akademia. Akademia nazo zikazoa nafasi za shule za kitaifa kama Alliance, Mang'u na Kenya High. Serikali ikageuza kanuni: nafasi za shule za kitaifa zigawanywe kwa kufuata idadi ya watahiniwa wa umma na wa kibinafsi. Wazazi wakaenda Mahakama Kuu, wakashindwa mwaka 2011.

Baada ya korti wakabisha kwa mwalimu mkuu wa shule ya umma. Hapo hawakuhitaji wakili. Namba ya mtahiniwa ilikuwa na tarakimu 11, nane za shule, tatu za mtoto, na hakuna iliyosema alifundishwa wapi. Mwalimu mkuu naye hakupoteza kitu. Mtoto mmoja mwenye alama 400 kati ya 500 alimpandishia wastani wa shule. Wajanja zaidi walitazama mgao wa kaunti, wakawaandikisha watoto kaskazini, kwenye kaunti kame, wakawapandisha basi mtihani ukikaribia.

Siwezi kuwatukana wazazi hao. Ningekuwa na karo, sijui ningefanya nini. Ila kanuni ile ilitaka mwenye uwezo arudi dawati la umma, akae kwenye mkutano wa wazazi, agombe paa linapovuja. Ilichopata ni jina lake kwenye orodha. Na aliyepokonywa nafasi hakujua kama kuna kitu kilichukuliwa, basi angelalamika kwa nani?

KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023. Yule wa akademia alipata barua ya shule ya kitaifa. Sweta ya buluu ilikuwa imerudishwa zamani, imefuliwa na kupigwa pasi, na mwenyewe aliivaa siku ya mtihani, madawati mawili nyuma ya aliyeiazima.