Kumfundisha Mtoto Kupima kwa Rula

Leo twataka kunena nanyi habari za kitu kidogo kilichomo katika mikoba ya watoto wetu, nacho ni rula. Watu wengi hudhani kwamba mtoto akijua tarakimu, amekwisha kujua kupima. Sivyo. Mtoto wa Masanze, katika wilaya ya Kilosa, aweza kuzisoma namba zote za rula, toka sifuri hata 30, na bado akakosea urefu wa kalamu yake. Sababu yake ni hii: rula haihesabu mistari, bali nafasi zilizo kati ya mstari na mstari.

Basi, tuanze na mkono. Wazee wetu walipima nguo kwa dhiraa, yaani toka kiwiko hata ncha ya kidole cha kati. Na vitu vifupi walivipima kwa shibiri, yaani toka gumba hata kidole cha mwisho, kiganja kikikunjuliwa. Mwambie mtoto apime meza kwa shibiri zake, kisha babu yake aipime meza ile ile. Labda mtoto atapata shibiri 9, na babu 6. Meza haikubadilika, mikono ndiyo iliyohitilafiana. Hapo mtoto mwenyewe atauliza, “Tufuate mkono wa nani?” Akiisha kuuliza hivyo, mpe rula.

Pili, na ajitengenezee rula yake. Mpe ukanda wa karatasi, atie alama kila sentimita moja, kisha atie rangi nafasi moja na kuacha moja. Ndipo aandike sifuri penye mwanzo, na 1 penye mwisho wa nafasi ya kwanza. Sasa ataona kwa macho yake kwamba 1 si mahali pa kuanzia.

Tatu, mjaribu kwa rula iliyovunjika. Weka njiti ianzie kwenye 3 na kuishia kwenye 11. Akisema urefu ni 11, bado hajafahamu. Akisema ni 8, amefahamu. Mwonye pia kwamba rula nyingi zina kipande kidogo cha ubao kabla ya sifuri, na kwamba jicho lazima liwe juu ya alama sawasawa, wala si kando.

Pengine mzazi atasema, “Sentimita moja ni kitu gani?” Na tutazame shamba la mahindi. Wakulima hushauriwa kuacha sentimita 75 kati ya mstari na mstari. Tuseme kijana akata fimbo ya kipimo kwa rula ya sentimita 30. Aiweka rula mara tatu, na kila mara aanzia kwenye 1. Fimbo yake itatoka sentimita 72. Aipimie nafasi 100, na kosa lake limekuwa mita 3 nzima. Mistari itasongamana, na mbegu alizozihesabu hazitamtosha.

Tena, katika wilaya hiyo hiyo ya Kilosa zapita reli mbili. Ya zamani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita 1 kamili kati ya chuma na chuma. Ile mpya, iliyoanza kupeleka abiria hata Dodoma mwaka 1924 na miaka 100 zaidi, yaani 2024, ina milimita 1,435. Kwa ajili ya tofauti ya sentimita 43 na nusu tu, gari la reli moja haliwezi kwenda juu ya nyingine. Msiwapeleke watoto relini. Wanyoshe kamba mbili uani, wapime upana wa kila reli, nao watastaajabu.

Usione vyaelea, vimeundwa. Navyo viliundwa kwa kipimo. Basi jioni ya leo mwite mtoto wako, umwambie akisie kwanza urefu wa kijiko, kisha akipime mbele yako, akianzia kwenye sifuri. Kwaherini.