BREKI IKIWA NGUMU: BUSTA INAYOVUJA HEWA

Huenda utauliza: mimi mkimbizi, gari nimelipata wapi hata nisomeshwe habari za breki? Swali lako ni la haki. Lakini wako kati yenu waliokuwa madereva na mafundi kabla ya kukimbia, wako vijana wanaojifunza ufundi wa magari, na wote, wazee kwa watoto, hupanda magari: ya kwenda hospitali, ya kwenda sokoni, ya kurudi nyumbani siku ikifika. Waliotoka Kivu wanaijua miteremko ya Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola. Waliotoka Burundi wanaijua ile ya Bugarama kuteremkia Bujumbura. Huko ndiko breki hupimwa.

Busta ni lile kopo pana la bati, mfano wa sufuria mbili zilizofunikizwa mdomo kwa mdomo, lililofungwa upande wa injini mbele ya dereva. Masta silinda imeshikizwa mbele yake. Waliojifunza ufundi kwa Kifaransa huiita sevofre. Ndani mna kiwambo cha mpira kinachoigawa sehemu mbili, na hewa ya sehemu zote mbili hunyonywa kupitia paipu nene ya mpira. Dereva akikanyaga pedali, hewa ya nje huruhusiwa kuingia upande wa nyuma tu. Hewa hiyo hukisukuma kiwambo mbele kwa nguvu, na mguu wa dereva unapata msaidizi.

Gari la petroli hunyonya kwa injini yenyewe. Injini ya dizeli kwa kawaida haina mvuto wa kutosha, kwa hiyo huwekewa pampu ya kunyonya hewa. Kwenye Land Cruiser na Hilux nyingi za zamani za dizeli pampu hiyo imefungwa nyuma ya altaneta. Ndiyo sababu mkanda wa altaneta ukikatika, taa ya chaji huwaka na breki nayo huwa ngumu. (Malori makubwa hutumia breki za upepo, hizo ni habari nyingine.)

Sasa jambo kubwa. Busta ikivuja, breki hazijafa. Kilichopotea ni ule msaada. Pedali inakuwa kama kukanyaga jiwe, na gari linasimama mbali kuliko ulivyozoea. Madereva wengi hapo hudhani breki zimekwisha, wakaondoa mguu na kuanza kupigapiga pedali. Ni kosa, kwa maana kila unapoachia na kukanyaga tena unamaliza akiba kidogo iliyobaki. Kanyaga kwa nguvu zako zote, kwa miguu miwili ikibidi, wala usiachie. Punguza gia moja baada ya nyingine, na breki ya mkono uivute taratibu. Pedali inayozama mpaka chini bila kugoma ni ugonjwa mwingine kabisa: mafuta ya breki yamevuja au hewa imeingia kwenye mabomba, na hapo ndipo kupigapiga kunaweza kusaidia. Basi sikiliza mguu wako kwanza: ni ngumu, au ni laini?

Iko tabia mbaya ya kuzima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta. Injini ikizimwa, hata busta nzima kabisa hubakiwa na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu tu. Baada ya hapo dereva ana gari lililojaa watu na magunia, na mguu wake mtupu. Akichomoa ufunguo, usukani nao unaweza kujifunga. Wewe abiria, ukisikia mlio wa injini umenyamaza gari likiteremka, sema kwa sauti. Dereva akikasirika, akasirike.

Kuipima busta hakuhitaji chombo chochote. Simamisha gari mahali tambarare, weka mawe kwenye magurudumu, gia iwe huru. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano au zaidi mpaka iwe ngumu. Ukiwa bado umekanyaga, washa injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isiposhuka, hakuna msaada unaofika. Halafu iache injini ingurume dakika moja au mbili, kanyaga, na ukiwa umekanyaga vivyo hivyo zima injini. Hesabu nusu dakika. Pedali ikianza kuurudisha mguu wako juu, hewa inavuja. Mara nyingi utaisikia pia: mlio wa "sss" karibu na pedali, hasa unapokanyaga. Gari la petroli huweza pia kutetemeka na kutaka kuzimika, kwa kuwa injini inanyonya hewa isiyo yake.

Usikimbilie kuilaumu busta. Anza na paipu, maana ndiyo rahisi. Ipinde kwa vidole uone kama imepasuka, hasa kwenye ncha penye klipu. Ifuate vali ya njia moja, ile iliyopo mahali paipu inapoingia kwenye busta, au katikati ya paipu yenyewe. Itoe, uifute, uipulize: pumzi ipite kuelekea injini, isirudi kuelekea busta. Ikipita kotekote, imeharibika.

Paipu mbovu usiifunge kwa mpira wa tyubu, wala usiweke paipu laini ya mafuta badala yake. Mvuto huikunja ikajiziba ndani, na kwa nje utaiona nzima. Busta yenyewe usiifungue uwanjani, kwani ndani mna springi yenye nguvu inayoweza kukuumiza. Gundi juu ya bati haitibu kiwambo kilichochanika.

Kama mafuta ya breki yanapungua na hakuna gurudumu lililolowa, fungua masta silinda uangalie nyuma yake. Mpira wake wa nyuma ukichoka, mafuta huingia ndani ya busta na kuharibu vilivyomo. Aliyebadilisha busta bila kutengeneza masta silinda atarudi kuifungua tena.

Busta za mtumba ndizo nyingi kwetu, na hapa mafundi wengi huteleza. Kabla ya kufunga, linganisha urefu wa ile fimbo fupi inayosukuma masta silinda na ile ya busta ya zamani. Ikizidi, breki hazitaachia na magurudumu yatapata moto; ikipungua, pedali itakwenda chini mno. Nyingi zina nati ya kurekebishia. Ukimaliza, rudia vipimo vyote viwili, kisha endesha polepole mahali tambarare bila abiria, ushuke, ukaribishe mkono kwenye kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko nyingine zote, rudi kwenye fimbo na gurudumu hilo kabla hujapakia mtu yeyote.