Kibra Maana Yake Msitu: Nani Atalipia Uliobaki?

Naomba nianze na majina. Wanubi, ambao walikaa Kibera kabla ya sisi wengine kufika, huiita Kibra, na katika lugha yao neno hilo maana yake ni msitu. Hata jimbo letu la uchaguzi limeitwa Kibra tangu mwaka 2013. Wakikuyu nao humwita ndege kwale "ngware", na wazee husema Kawangware ilipata jina kwa sababu ndege hao walikuwa tele huko. Kwa hivyo wewe unayetoka Gatina, Kawangware, unakaa kwa kwale, na mimi ninayetoka Makina ninakaa msituni. Lakini msitu uko wapi? Na kwale je? Mimi nimemwona kitabuni tu.

Msitu uliobaki karibu nasi ni ule wa Ngong Road. Ukitoka Kawangware, unashuka Naivasha Road hadi Ngong Road, unapita uwanja wa mbio za farasi, na hapo utauona. Sisi wa Kibera tunauona tukifuata Southern Bypass, barabara ambayo yenyewe imepasua katikati ya msitu huo. Ulipotangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932 ulikuwa na zaidi ya hekta 2,900. Leo zimebaki kama hekta 1,200. Nyingine zilikatwa kidogo kidogo: hapa shule, pale uwanja, pale barabara, na nyingine zikagawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Tume ya Ndung'u, iliyochunguza unyakuzi wa ardhi ya umma na kutoa ripoti yake mwaka 2004, ilitaja msitu huu pamoja na ule wa Karura.

Pengine utauliza, sasa sisi watoto wa mtaa msitu huo unatuhusu nini? Unatuhusu kwa sababu ya maji. Mto Motoine hupitia katika msitu huo kabla ya kuingia Kibera na kumwagika katika Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953. Ardhi yenye miti hunyonya mvua na kuiachilia polepole. Ardhi ya lami na mabati huirusha yote chini kwa mara moja, na chini ndiko tuliko sisi. Mvua za Aprili 2024 zilipofurika Nairobi, kila mtu aliyekaa karibu na mto alijua maana yake. Sisemi msitu peke yake utatuokoa, maana takataka tunazotupa mtoni tumezitupa wenyewe. Ila ule msitu ukiisha tutakuwa na taka na mafuriko ya kupindukia pia.

Sasa nieleze jambo lililonifanya nishike kalamu. Miaka miwili iliyopita, nikiwa Kidato cha Kwanza, tulipanda miche 60 nyuma ya maabara. Mahema yalikodiwa, mgeni wa heshima akaja, tukaimba, tukapigwa picha, soda zikanywewa. Miche ilinunuliwa kwa shilingi 30 mmoja, yaani shilingi 1,800 kwa jumla. Tukafunga shule mwezi wa Novemba. Tuliporudi Januari, miche mingi ilikuwa imekauka kama vijiti vya kuwashia jiko, na kufikia Machi ilibaki saba tu.

Nilikaa chini nikapiga hesabu. Mtungi mmoja wa lita 20 ungetosha miche minne. Miche 60 ni mitungi 15, na mtungi ukiuzwa shilingi 10, hiyo ni shilingi 150. Mara mbili kwa wiki ni shilingi 300. Wiki 12 za kiangazi ni shilingi 3,600. Kumbe kutunza kulihitaji pesa mara mbili ya kupanda! Na hakuna aliyekuwa amefikiria kutenga hata senti moja ya maji. Pesa ya soda ilikuwepo lakini.

Misitu mikubwa nayo hufa kwa ugonjwa huo huo. Ndiyo maana duniani kuna kitu kinachoitwa udhamini wa ardhi. Ni hivi: kipande cha ardhi huwekwa mikononi mwa wadhamini, nao hawawezi kukifanya mali yao. Kazi yao ni kukilinda kwa kusudi lililoandikwa tangu mwanzo. Watu wa Pwani wanalijua jambo hili tangu zamani kwa jina la wakfu, ambapo mtu hutoa shamba au nyumba, na mapato yake yakaenda msikitini au kwa maskini siku zote, bila mtu kuruhusiwa kuiuza. Hata hapa kwetu tunao mfano. Mwaka 2017 Wanubi walipewa hatimiliki ya ekari 288 za Kibera, na hati hiyo ni ya jamii nzima wala si ya mtu mmoja mmoja. Enzi za ukoloni eneo lililotengewa wanajeshi wa Kinubi lilizidi ekari 4,000, kwa hivyo mwaweza kuona nao walichelewa kupata karatasi.

Karatasi ni jambo kubwa, tusidanganyane. Zamani sheria ya misitu ilimruhusu waziri kuondoa sehemu ya msitu kwa kutoa tangazo la siku 28 tu katika Gazeti Rasmi. Siku 28! Muhula mmoja wa shule ni mrefu kuliko hapo. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuondoa kama hekta 67,000 za misitu nchini kwa njia hiyo. Na kabla ya hapo kulikuwa na Karura, ambako Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti tarehe 8 Januari 1999 wakashambuliwa na walinzi wa wajenzi, naye akapasuliwa kichwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani mwezi huo huo. Agosti mwaka huo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Profesa alipata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, na akatuaga mwaka 2011.

Siku hizi sheria ya mwaka 2016 inataka ombi la kupunguza mpaka wa msitu lifikishwe Bungeni. Pia sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inaruhusu mahakama kuweka masharti juu ya shamba la mtu ili sehemu yake isiharibiwe, na masharti hayo yanaweza kuwa ya kudumu, hata shamba likiuzwa mara kumi. Mwenye shamba naye ana haki ya kudai fidia. Nilipomweleza mwalimu wetu wa jiografia jambo hili alishangaa kidogo, nami nikajisikia mkubwa.

Lakini karatasi hailipi mlinzi mshahara. Hapo ndipo penye kiini cha makala yangu. Mlinzi asipolipwa mwezi wa pili, mwezi wa tatu yeye ndiye anayeuza makaa.

Pesa hutoka wapi basi? Njia ya kwanza ni tajiri mwenye moyo. Kule Marekani, jimbo la Maine, alikuwepo gavana Percival Baxter aliyetaka serikali inunue mlima Katahdin na misitu yake. Wabunge wakakataa. Alipotoka madarakani akaanza kununua mwenyewe mwaka 1930, kipande kwa kipande, kwa zaidi ya miaka 30, hadi zikafika ekari zaidi ya 200,000. Akawapa watu wa Maine kwa sharti kwamba pabaki pori milele. Na hapa ndipo alipokuwa mwerevu: aliacha pia mfuko wa fedha wa kupatunza.

Mfuko wa namna hiyo naweza kuufananisha na chama cha akina mama anamokaa mama yangu. Pesa ya msingi haiguswi hata ukilia. Inakopeshwa, na ile faida ndiyo inayogawanywa Desemba. Tuseme mfuko una shilingi 100,000 na unapata faida ya asilimia 8. Kila mwaka kuna shilingi 8,000 za kutumia, na zile 100,000 bado zipo mwaka ujao, na mwaka ule mwingine pia. Ng'ombe anakamuliwa, hachinjwi.

Wasio na tajiri hutafuta njia nyingine. Shirika la Rhino Ark, lililoanzishwa mwaka 1988, huandaa mashindano ya magari porini, na pesa zake ndizo zilizosaidia kujenga ua wa umeme wa karibu kilomita 400 kuuzunguka msitu wa Aberdare. Ua huo ulikamilika mwaka 2009. Maji mengi ya Nairobi hutoka huko, kwa hivyo mtungi wako wa shilingi 10 nao una deni kwa magari yale yaliyokwama topeni. Kule Kilifi, shirika la A Rocha Kenya limekuwa likikusanya michango na kununua vipande vya msitu wa Dakatcha, anamozaliana mnana wa Clarke, ndege asiyepatikana popote duniani nje ya kaunti ile.

Ila mfano unaonipendeza zaidi ni wa Kitengela, upande wa kusini wa Mbuga ya Nairobi. Hapo hakuna aliyenunua shamba. Kuanzia mwaka 2000, Wamaasai wenye ardhi walilipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua, wasichimbe mawe wala kuuza, wanyama wapate kupita. Malipo yaligawanywa mara tatu, nayo yalipangwa yafike shule zinapofunguliwa. Aliyefikiria hilo alijua wazazi! Mtoto mwenzetu alisoma kwa sababu nyumbu aliruhusiwa kupita shambani kwao. Udhaifu wake ni kwamba mfadhili akichoka, mkataba umekwisha, na ua unasimama kesho yake. Walikuwa wakilipa kwa mkono, hawakuwa na ng'ombe wa kukamua.

Karura nao ulichukua njia ya langoni. Zamani watu waliogopa kupita humo hata mchana. Chama cha Friends of Karura kilianza mwaka 2009, kikashirikiana na Huduma ya Misitu ya Kenya, ua wa umeme ukajengwa, na vijana wa Huruma, kijiji kilicho pembeni mwa msitu, wakapata kazi ya ulinzi. Watu wakaanza kuja kutembea na kukimbia, wakilipa kiingilio, na kiingilio kikawa kinautunza msitu wenyewe. Mwezi wa Agosti 2025 ukazuka mzozo, Huduma ya Misitu ilipoagiza malipo yote yapitie eCitizen. Wenye chama waliogopa kwamba pesa zikiingia kwenye mfuko mkubwa wa serikali hazitarudi tena msituni. Wengine wakasema msitu ni wa umma na pesa zake ni za umma. Mimi ninaona pande zote mbili zina haki, lakini nikilazimishwa kuchagua, nitasema pesa ya lango ilale karibu na lango.

Jirani yangu darasani, wa Kawangware, alisoma rasimu ya makala haya akaniuliza, "Kwani miti ni bora kuliko watu? Si hizo hekta wangejengea watu nyumba?" Swali lake si la kijinga. Sote tumeshaona tingatinga likija alfajiri. Na mara nyingi watu wakitajiwa "pori la milele" wanaofukuzwa kwanza ni maskini. Waogieki walitolewa katika msitu wa Mau kwa kisingizio cha uhifadhi, mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ikaamua mwaka 2017 kwamba haki zao zilikiukwa. Tena Wamijikenda wametunza misitu yao ya kaya kwa karne nyingi wakiwa hapo hapo, hadi mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwa hivyo simwambii rafiki yangu kwamba miti ni bora. Namwambia hekta zilizokatwa Ngong Road hazikujengewa mtu wa Gatina hata chumba kimoja. Na akina mama wa mtaani wanaookota kuni msituni kwa kibali wawekwe katika kamati ya wanaoutunza, maana wao ndio humwona mwizi wa magogo wa kwanza.

Nimepeleka pendekezo kwa Chama chetu cha Kiswahili, nalo limeungwa mkono na wanachama tisa, likapingwa na watano. Faida ya kuuza gazeti hili tuigawe mara mbili. Nusu ya kwanza itumike kununua maji mwaka huu. Nusu ya pili iwekwe akiba katika chama cha ushirika kwa jina la wadhamini watatu: mwalimu mlezi, mwanafunzi mmoja na mzazi mmoja, na iandikwe kwamba faida tu ndiyo itakayotumika. Waliopinga wanataka tupande miche mingine 60 mgeni wa heshima akija. Bado tunabishana.

Ile miche saba iko pale nyuma ya maabara. Mmoja ni muhugu, nao hukua polepole mno. Miaka miwili sasa na umenifika magotini. Tumeandika zamu za kumwagilia kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa maktaba. Zamu ya Jumanne bado haina mtu.