Maji Ndiyo Yenye Ratiba

Pwani ya magharibi ya Amerika Kusini, kuanzia Peru hadi katikati ya Chile, imenyooka mno. Mwambao wetu wa Afrika Mashariki una matumbawe yanayovunja mawimbi, una hori na visiwa vya kujifichia. Kule, bahari ya Pasifiki hupiga ardhi moja kwa moja, mawimbi yakiwa yamesafiri maelfu ya kilomita bila kizuizi. Bandari nyingi za upande huo zimepatikana kwa kazi ngumu: ukuta wa mawe umetupwa baharini, na nyuma yake meli hupata utulivu wa kufunga kamba. Mawimbi yakizidi, mamlaka ya bandari ya Chile, iliyo chini ya jeshi la wanamaji, hufunga bandari, na hakuna nahodha wa kubishana nayo. Anayetaka kuishi wiki mbili tatu ndani ya meli ya utalii kutoka Callao hadi Buenos Aires ajue hilo kabla ya kuanza kuhesabu miji kwenye ratiba yake.

Callao ni bandari ya Lima, nayo ni bandari ya kazi: makontena, winchi, malori. Abiria hawaruhusiwi kutembea kwa miguu gatini. Basi huwachukua kutoka ngazi ya meli hadi getini. Lima iko nyuzi 12 kusini mwa ikweta, karibu sawa na Komoro, kwa hiyo mtu wa mwambao anaweza kufikiri amefika kwenye joto la nyumbani. Maji ya Callao humshangaza. Mkondo wa Humboldt huleta baridi kutoka kusini, na maji mengine ya baridi hupanda kutoka kilindini, hata joto la bahari likawa kati ya nyuzi 15 na 20. Hewa iliyo juu yake hupoa, ukungu hujaa, mvua hainyeshi. Baridi hiyohiyo ndiyo iliyofanya bahari ya Peru iwe tajiri kwa dagaa kuliko karibu sehemu yoyote duniani, na ndiyo iliyouacha ufuo mzima kuwa jangwa. Beba sweta, hata kama ramani inakuambia vingine.

Kutoka Callao meli huelekea kusini, na saa huanza kuhama. Wakati wa msimu wa meli za utalii, takriban Novemba hadi Machi, Chile iko mbele ya Peru kwa saa mbili, ingawa safari imesogea mashariki kidogo tu. Meli hutangaza jioni kwamba usiku huo saa zisogezwe mbele, na kila aliyemo hupoteza usingizi, wakiwemo wapishi na wahudumu ambao lazima chai iwe mezani alfajiri. Wengi wao ni watu wa Ufilipino, Indonesia na India, wenye mikataba ya miezi mingi; msafiri mwenye adabu huwakumbuka anapolalamika kwamba amechoka. Ukifika Ushuaia, kwenye ncha ya kusini ya Argentina, mwezi wa Desemba, jua huchwa baada ya saa nne usiku na huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Anayeswali atayaona magharibi yakimfikia saa ambayo kwao watu wameshalala, na alfajiri ikirudi kabla hajashiba usingizi. Pazia zito la kabini linakuwa kitu cha thamani.

Kuhusu kabini nina msimamo. Watu hulipa zaidi kwa vyumba vya juu vyenye baraza. Kwa safari hii, chumba cha sitaha ya chini, katikati ya meli, ni bora. Meli ikipanda na kushuka wimbi, omo na tezi ndizo zinazosafiri mbali zaidi. Katikati hutikisika kidogo. Meli hizi zina mapezi ya chuma ubavuni yanayopunguza kuyumba kwa pembeni, lakini hayasaidii sana omo inapoinuka na kudidimia.

Utaelewa kwa nini ukifika Golfo de Penas. Kusini ya Puerto Montt, pwani ya Chile huvunjika ghafla kuwa maelfu ya visiwa na njia nyembamba za maji, na meli hupita humo ikiwa imekingwa, marubani wa Chile wakikaa darajani kwa zamu siku kadhaa mfululizo. Kisha rasi ya Taitao huifunga njia. Ili kuzunguka, meli lazima itoke bahari kuu na kuvuka ghuba hiyo iliyo wazi kwa Pasifiki nzima. Mwaka 1937 Chile ilianza kuchimba mfereji kwenye shingo ya ardhi ya Ofqui ili vyombo visilazimike kutoka nje. Mwaka 1943 kazi iliachwa. Kwa hiyo mpaka leo abiria humeza vidonge vya kichefuchefu kabla ya chakula cha jioni. Vimeze mapema, ukishaanza kutapika havina faida.

Puerto Montt penyewe meli kubwa hutia nanga nje, na watu hushushwa kwa boti, mara nyingi zilezile za uokozi zinazoning'inia ubavuni mwa meli. Bamvua ya Unguja au Mombasa hufika kama mita 4. Hapa hufika mita 7. Mashua za wavuvi wa Angelmó, mtaa wa mji huo, zilizolala kwenye tope huelea saa sita baadaye. Mtu aliyezoea kupwa na kujaa hufurahi hapa kuliko mtalii yeyote.

Punta Arenas, kwenye Mlango wa Magellan, ndipo ratiba hufutwa mara nyingi. Upepo wa magharibi hushuka kutoka Andes, na kupita kilomita 100 kwa saa si jambo geni. Siku mbaya mji hufunga kamba mitaani ili wapita njia washike. Meli inaweza kustahimili upepo huo ikiwa nangani. Boti iliyojaa wazee wanaoruka kutoka ngazi inayopanda na kushuka haiwezi. Nahodha akisema hatushuki, wengine hukasirika kwa sababu wameshalipia kuona pengwini wa Isla Magdalena. Naona kuwa amefanya kazi yake ipasavyo. Stanley, katika visiwa vya Falkland ambavyo Argentina huviita Malvinas, hukosekana kwa sababu hiyohiyo.

Kabla ya kushuka bandari yoyote ya Chile, toa matunda mfukoni. Wakaguzi wa kilimo na mbwa wao hungoja gatini, na tufaha moja lililotoka mezani mwa meli linaweza kukuletea faini. Nchi hiyo, iliyozungushiwa Andes, jangwa na bahari, hulinda mashamba yake ya matunda kwa ukali, na ina haki.

Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, ni raha: gati limeshikana na mji wa kale, na kwa miguu unafika Mercado del Puerto, soko la mwaka 1868 lililogeuka mahali pa nyama choma. Toka hapo usiku, meli hupanda Río de la Plata kuelekea Buenos Aires, na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Mito ya Paraná na Uruguay huleta tope lisilokwisha. Meli hufuata mfereji uliochimbwa chini ya maji, rubani akiwa darajani, na mitambo inayogeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa huzimwa, matangi yakiwa yameshajazwa nje.

Upepo wa pampero ukivuma kutoka kusini-magharibi, husukuma maji ya mto kuelekea baharini na kina hupungua. Sudestada ya kusini-mashariki huyarudisha kwa wingi, hata mitaa ya chini ya Buenos Aires ikafurika. Katika hali ya kwanza meli inaweza kungoja kwa saa nyingi ikiuona mji. Nunua tiketi ya ndege ya siku inayofuata, wala si ya mchana wa siku ya kushuka.