Je, Wajua? Mafuta ya Mwili Huondoka kwa Pumzi

Anayepunguza kilo 10 za mafuta mwilini hutoa takriban kilo 8.4 kwa pumzi, zikiwa kaboni dioksidi. Zinazobaki huwa maji. Jasho la kukimbia kandokando ya barabara ya Namanga pale Kitengela si mafuta. Hurudi na glasi ya kwanza ya maji.

Wiki ya kwanza ya mpango wa chakula hudanganya. Mwili huanza na akiba ya wanga iliyo kwenye ini na misuli, na kila gramu yake hushikilia takriban gramu 3 za maji. Mizani hushuka kwa kasi, kisha hupunguza mwendo. Wengi huacha hapo, na inasikitisha, kwa kuwa mafuta ndiyo kwanza yameanza kupungua.

Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120. Chapati ikipakwa upande huu na ule huyanywa yote, na mlaji hayaoni.

Hata hivyo, mafuta ya chakula si hadithi yote. Wamaasai wa zamani, wa Kajiado na wa ng'ambo ya mpaka, waliishi kwa maziwa na nyama. George Mann, daktari Mmarekani, aliwapima wa upande wa Tanzania miaka ya 1960, akakuta kolesteroli yao iko chini. Lakini pia walitembea mchana kutwa nyuma ya ng'ombe.

Njaa huongezeka baada ya uzito kupungua, na homoni zake huweza kubaki juu mwaka mzima. Hata hivyo, mtu mnene wa kilo 100 akipunguza 5 tu, shinikizo la damu na sukari huweza kushuka.